Habari za Mji na Watu Wanaozitafuta

Mji wa Bukavu uko katika Kongo ya mashariki, kando ya Ziwa Kivu, upande wa kusini. Hapo mto Ruzizi hutoka ziwani na kwenda zake mpaka Ziwa Tanganika. Nchi kavu imeingia majini mfano wa vidole vya mkono, na nyuma yake vilima vimejaa nyumba tangu chini hata juu. Sehemu zake kubwa ni tatu: Ibanda, Kadutu na Bagira. Humo hukaa Washi, Wahavu, Warega na watu wa makabila mengine mengi, na sokoni Kiswahili huwaunganisha wote.

Katika mji wa namna hiyo mambo mengi hutokea siku moja. Mvua huporomosha udongo wa kilima. Bei ya unga hupanda. Mashua huchelewa kutoka kisiwa cha Idjwi. Mtu mmoja hawezi kuyaona yote kwa macho yake, kwani akaaye Bagira hajui la Ibanda. Zamani, kijijini, watu walikaa motoni jioni wakaulizana habari, na kila mtu alimjua mwenziwe. Lakini mji ni mkubwa. Moto mmoja hautoshi kuwakusanya watu wote. Ndiyo maana kazi ya kutafuta habari imekuwa na watu wake. Watu hao huitwa waandishi wa habari.

1. Uvumi na habari

Uvumi si habari. Chukua mfano huu.

Asubuhi mama mmoja asikia katika soko la Kadutu kwamba daraja la Ruzizi, linalounganisha Bukavu na Rwanda, limefungwa. Amwambia jirani yake. Jirani amwambia mwingine, naye aongeza kidogo: «Limefungwa kwa mwezi mzima.» Wa tatu aongeza tena: «Na askari wamejaa huko.» Kabla ya saa sita, mwenye duka ameficha magunia yake ya unga apate kuyauza kesho kwa bei kubwa. Mama mwenye watoto watano ameogopa, ametumia fedha zote za juma kununua unga kidogo. Jioni wasafiri warudi, wasema kwamba lori liliharibika katikati ya daraja, wakalisukuma, na baada ya saa moja watu wakapita kama kawaida.

Je, nani alisema uongo? Labda hakuna. Kila mtu alichukua neno alilolisikia, akalipokeza. Lakini fedha za yule mama zimekwisha, na watoto wake watalala na njaa kabla ya mwisho wa juma.

Kuna methali isemayo: Lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja. Wazee waliitunga kwa sababu mara nyingi uvumi huwa na chanzo. Lakini mwandishi wa habari haishiki methali hiyo mpaka ametazama mwenyewe. Akisikia kwamba daraja limefungwa, huenda darajani. Humwuliza mkubwa wa forodha. Kisha huwauliza akina mama wanaopita na mizigo kichwani, kwa maana mkubwa anaweza kuficha jambo, na mpita njia anaweza kukosea. Huandika saa. Huangalia kama magari yanapita. Watu wawili au watatu wasiojuana wakisema neno moja, na macho yake yakiona vivyo hivyo, ndipo husema: «Hii ni habari.»

Maswali yake ni machache, na kila mwanafunzi anaweza kuyajifunza: Nani? Nini? Wapi? Lini? Kwa nini? Kwa namna gani? Swali la saba hulisema moyoni tena na tena: Wewe ulijuaje? Anayejibu «Niliona» hana cheo sawa na anayejibu «Niliambiwa».

2. Mazungumzo na watu

Wako wanaodhani kwamba habari ni mambo ya vita na ya wakubwa tu. Sivyo. Katika mji, watu wenye mambo ya kueleza wamejaa kila njia: fundi wa viatu, mkunga, mpiga makasia, mwalimu mzee, mwuza makala.

Tazama wavuvi wa sambaza. Sambaza ni samaki wadogo ambao watu wa Bukavu hula kwa ugali. Jioni mashua zao huondoka ufukoni, tatu tatu, zimefungwa pamoja kwa miti mirefu. Usiku huwasha taa juu ya maji. Samaki huufuata mwangaza, na wavu huwangoja chini. Mtoto wa Bukavu huziona taa hizo ziwani kila mara, lakini labda hajapata kuuliza sambaza walitoka wapi. Mvuvi mzee anaweza kumwambia jambo la ajabu, kwamba zamani samaki hao hawakuwamo kabisa katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganika kati ya mwaka 1958 na 1960, wakatiwa majini, wakazaa. Leo familia nyingi zinaishi kwa samaki hao. Basi habari kubwa ilikuwa ikielea mbele ya macho ya watu wote, ikimngoja mtu wa kuuliza.

Lakini kuuliza kuna adabu yake. Mwandishi mwema huanza kwa salamu, husema jina lake na kazi yake, tena hueleza kwa nini anauliza. Hamkatizi mzee maneno. Haulizi maswali ya ndiyo na siyo tu, husema, «Tafadhali mzee, nieleze siku ile ilivyokuwa.» Kisha hunyamaza. Watu wengi husema jambo lao kubwa baada ya kunyamaza kidogo, na mwenye haraka hulikosa. Mwisho humsomea aliyoyaandika, ili mzee asahihishe jina au mwaka. Asiyeelewa neno haoni haya kuuliza tena, kwani kuuliza si ujinga.

3. Maana ya kuwa huru

Mwandishi wa habari huitwa huru akiwa hakuna mtu anayemwamuru aandike nini. Lakini uhuru huo una maadui wawili.

Adui wa kwanza ni hofu. Mwenye bunduki husema: «Ukiandika jambo hili, utaona.» Adui wa pili ni mpole zaidi, naye ni fedha. Mkubwa fulani huwaita waandishi kwenye mkutano wake. Mkutano ukiisha, kila mmoja hupewa bahasha yenye fedha kidogo. Katika Kongo desturi hiyo ina jina, huitwa «coupage». Mshahara wa mwandishi ni mdogo, na pengine haupo, naye nyumbani ana watoto. Ni vigumu kuikataa bahasha. Lakini aliyekula fedha za mtu atawezaje kesho kuandika kwamba barabara ya mtu huyo haikujengwa?

Wasomaji nao hupotewa. Wanadhani wanasoma habari, kumbe wanasoma sifa zilizonunuliwa.

4. Redio ya Maendeleo

Kwa miaka mingi, wakati wa utawala wa Mobutu, chama kilikuwa kimoja tu nchini, nayo magazeti na redio viliimba wimbo mmoja. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwamba vyama vingine vyaweza kuwako. Kuanzia hapo magazeti mapya yakatokea katika miji mingi.

Huko Bukavu vyama vya wananchi vilifikiri hivi: watu wengi vijijini hawajui kusoma, na gazeti ni ghali, lakini redio ndogo yaweza kuchukuliwa hata shambani. Basi mwaka 1993 wakaanzisha Radio Maendeleo. Ilisema kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za watu. Ilieleza habari za mashamba, afya, soko na haki za raia. Tena iliwapa watu wa vijijini nafasi ya kusema wenyewe. Mkulima aliyezoea kusikiliza tu akasikia sauti ya mkulima mwenziwe ikitoka redioni.

Kisha vita vikaja, mwaka 1996 na tena mwaka 1998. Bukavu ikatawaliwa na waasi wa chama cha RCD. Mwaka 1999 wakaifunga Radio Maendeleo. Baadaye ikafunguliwa, na mwishoni mwa mwaka 2002 ikafungwa tena. Kwa nini wenye bunduki waliogopa redio ndogo? Kwa sababu watu wakijua mambo kwa hakika, ni vigumu kuwadanganya. Redio ilipofungwa, uvumi ukarudi mahali pake, na uvumi haufungwi na mtu yeyote.

5. Mama Solange na gazeti lake

Mwaka 1992 gazeti moja lilianzishwa Bukavu. Jina lake Le Souverain, maana yake kwa Kiswahili ni Mwenye Enzi. Jina hilo lina sababu: katika nchi ya raia, mwenye enzi ni wananchi wenyewe. Ndivyo isemavyo pia katiba ya Kongo ya mwaka 2006 katika kifungu cha 5.

Mwaka 2007 gazeti hilo lilipata mhariri mpya. Mhariri ni yule anayeongoza kazi ya gazeti, anayesahihisha maandishi na kuamua yapi yapigwe chapa. Mhariri huyo alikuwa Mama Solange Lusiku Nsimire, aliyezaliwa mwaka 1972. Kabla ya hapo alikuwa mtangazaji wa redio mjini. Katika nchi ile haikuwa desturi kumwona mwanamke akiongoza gazeti, na watu wengine walimcheka. Yeye aliendelea na kazi.

Kazi ilikuwa nzito. Bukavu hapakuwa na mtambo wa kupiga chapa gazeti. Waandishi walikusanya habari, wakaziandika, wakazipanga katika kurasa. Kisha kurasa zikapelekwa Bujumbura, katika nchi ya Burundi, safari ya zaidi ya kilomita 100, na mpaka wa kuvuka. Zilipokwisha kupigwa chapa, nakala zilirudi Bukavu kwa njia ile ile. Safari na karatasi hutaka fedha, na wafanyabiashara waliolipa kuweka matangazo yao walikuwa wachache. Kwa hiyo Le Souverain halikuwa gazeti la kila siku. Lakini nakala moja haikusomwa na mtu mmoja. Ilipita mkono kwa mkono, toka nyumba hata nyumba, mpaka karatasi ikachakaa.

Gazeti hilo liliandika juu ya haki za wanawake, juu ya uchaguzi, juu ya mali ya umma na namna inavyotumiwa. Wengine hawakupendezwa. Mama Solange alitishwa mara nyingi. Watu wenye silaha walivamia nyumba yake, naye alikuwa na mume na watoto. Ilimlazimu pengine kujificha. Angeweza kuacha na kuishi kwa amani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alirudi kila mara mezani pake.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, katika Ubelgiji, kilimpa shahada ya udaktari ya heshima. Mwaka 2014 alipewa huko Marekani tuzo ya ushujaa katika uandishi wa habari, kutoka shirika la kimataifa la wanawake wa habari. Alifariki Kinshasa mwezi wa Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 46.

6. Wanawake waliotafuta maneno

Katika vita wanawake wengi wa Kivu walitendewa maovu makubwa, wakanyamaza kwa aibu, ingawa aibu haikuwa yao. Mwandishi mmoja wa Bukavu, Chouchou Namegabe, aliyefanya kazi katika Radio Maendeleo, aliona kwamba kimya hicho kinawalinda waovu tu. Mwaka 2003 yeye na wenziwe wakaanzisha chama cha wanawake wa habari wa Kivu ya Kusini, kiitwacho AFEM. Walikwenda kuzungumza na wale waliodhulumiwa, wakayapeleka maneno yao redioni. Mwaka 2009 Chouchou Namegabe alikwenda Marekani kueleza mambo hayo mbele ya wajumbe wa Baraza la Senate.

Hapa yaonekana sheria nyingine ya kazi hii. Mtu aliyeumizwa halazimishwi kusema. Huulizwa kwanza: «Mama, wapenda kusema? Wapenda jina lako litajwe?» Akikataa, jina lake hufichwa, na mahali akaapo hufichwa. Habari ni njema, lakini mtu aliyeitoa ni bora kuliko habari yenyewe. Mwandishi anayemsaliti mnyonge ili apate habari amefanya kazi ya mwizi.

7. Wale waliouawa

Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa, pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, walianzisha Radio Okapi ili watu wote wa Kongo wapate habari zisizopendelea upande wowote. Wawili kati ya waandishi wake waliuawa kwa risasi mjini Bukavu: Serge Maheshe tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008. Mwaka 2009 aliuawa mwandishi mwingine kijana, Bruno Koko Chirambiza, wa redio iitwayo Star.

Wote watatu walikuwa watu wa mji. Walisalimiana na majirani, walinunua sambaza katika soko lile lile, watu walizijua sauti zao. Kila walipouawa, waandishi wenzao iliwapasa kuchukua kalamu na kuandika habari ya rafiki yao, kwa maswali yale yale: Nani? Wapi? Lini? Kwa nini? Swali la mwisho ndilo gumu kupita yote.

Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, wakaushika mji. Waandishi kadhaa waliukimbia. Mara moja tena watu wakaulizana njiani: «Umesikia nini?» Na mara moja tena uvumi ukaenda mbio kuliko magari.

Hata hivyo sheria imeandikwa. Kifungu cha 24 cha katiba ya Kongo chasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Hakisemi kila mwandishi, wala kila mkubwa, bali kila mtu. Mwuza makala ana haki hiyo, na mtoto wa shule pia. Mwandishi wa habari akifungwa mdomo, aliyenyang'anywa si yeye peke yake.

8. Gazeti la ukutani

Shule haihitaji mtambo wa kupiga chapa ili iwe na gazeti lake. Karatasi kubwa moja yatosha, ikibandikwa ukutani kila juma. Wanafunzi wachague mhariri mmoja na waandishi wanne. Mmoja amwulize mpishi wa shule: unga wa juma moja ni kilo ngapi, nao hutoka wapi? Wa pili amwulize bibi kizee jirani: shule ilijengwa lini, na kabla yake palikuwa na nini? Wa tatu apime maji ya mvua kwa kopo. Wa nne achunguze uvumi mmoja ulioenea darasani, aufuate mtu kwa mtu mpaka chanzo chake.

Huyo wa nne ana kazi ngumu. Labda ataona kwamba rafiki yake mpenzi ndiye aliyeongeza neno. Hapo atajua mwenyewe kwa nini kazi hii hutaka moyo.

Maswali

1. Mito na maziwa gani yametajwa katika habari hii?
2. Eleza tofauti ya uvumi na habari kwa mfano wako mwenyewe.
3. Sambaza walitoka wapi, nao huvuliwaje?
4. Kwa nini mwandishi huwauliza watu wawili au watatu wasiojuana?
5. Kurasa za Le Souverain zilipigwa chapa wapi, na kwa sababu gani?
6. «Mtu aliyeitoa ni bora kuliko habari yenyewe.» Eleza maana yake.
7. Zungumza na mtu mzee wa mtaa wako juu ya kazi yake. Andika majibu yake, kisha mrudie umsomee.